Kijineno Kinachogeuza Kitenzi: Kujifunza Vitenzi Ambatani vya Kiingereza kwa Filamu

Mabibi na mabwana,

Naomba nianze na onyesho ambalo kila mpenzi wa filamu amekwisha kuliona kwa namna moja au nyingine. Ni usiku, mvua inanyesha, na kijana mmoja anatoka mlangoni mwa hoteli. Mkononi ameshika kijisanduku cha pete, nacho kimefungwa. Rafiki yake aliyekuwa akimsubiri ndani ya gari anashusha kioo na kumtazama kwa macho ya kuuliza. Kijana anainamisha kichwa, kisha anasema maneno manne tu: “She turned me down.” Mwanafunzi anayeyajua maneno hayo moja moja, yaani she, turned, me na down, anaweza kubaki akijiuliza ni vipi dada huyo alivyompindua mwenzake kichwa chini miguu juu. Lakini mwanafunzi huyohuyo, akiacha kuyapasua maneno na kukitazama kile kijisanduku kilichofungwa, jibu tayari analo: kijana amekataliwa. Hoja yangu ya leo imo yote ndani ya kijisanduku hicho.

Vitenzi vya aina hii, ambavyo wanafunzi wengi huvijua kwa jina la Kiingereza la phrasal verbs, na ambavyo mimi nitaviita vitenzi ambatani, huundwa kwa kitenzi cha kawaida, mara nyingi kifupi, kinachofuatwa na kijineno kimoja au viwili kama up, off, out au on. Kijineno ndicho kinachogeuza mambo. Give ni kutoa. Give up ni kukata tamaa au kuacha jambo. Give in ni kusalimu amri. Give away ni kugawa bure, na pia ni kufichua siri. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1755, alikwisha kukiri kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kupita zote. Kwa hiyo anayelalamika leo ana shahidi wa kuaminika.

Taabu hiyo ina historia. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliozungumza Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi yenye asili ya Kifaransa na Kilatini yaliingia katika Kiingereza kupitia mahakama, dini na elimu, huku vitenzi vya asili ya Kigermanik, yaani ukoo wa lugha ambamo Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, vikiendelea kutumika nyumbani, shambani na katika ugomvi wa kila siku. Ndiyo maana lugha hiyo ina jozi nyingi za maneno yanayokaribiana kwa maana lakini yasiyolingana kwa hadhi: postpone na put off, discover na find out, tolerate na put up with. Mwanafunzi aliyejifunza kwa vitabu hulijua neno la kwanza katika kila jozi, na anapokaa mbele ya filamu husikia la pili. Hapo ndipo mtu aliyefaulu mitihani yote anaposhindwa kufuata mazungumzo ya watoto wawili wanaogombania mpira, akadhani Kiingereza chake kimepotea njiani. Wengine huchagua kuvikwepa vitenzi hivi kabisa. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wenye Kiebrania kama lugha ya kwanza, nao ulionyesha ukwepaji huohuo: penye nafasi ya kusema let down, mwanafunzi alipendelea disappoint. Hakosei kisarufi, ila huzungumza kama anayesoma barua ya serikali.

Hata hivyo, sisi tuliolelewa na Kiswahili hatuna sababu ya kuliona jambo hili kama muujiza wa Wazungu. Mfikirie mgeni anayejifunza lugha yetu. Siku ya kwanza anaambiwa kwamba kupiga ni kuchapa. Siku ya pili anasikia watu wakipiga simu, wakipiga pasi, wakipiga mswaki, wakipiga kura, wakipiga magoti na kupiga chafya, na kote huko haoni aliyechapwa. Akituuliza kwa nini chafya inapigwa, hatuna jibu la maana la kumpa, kwa sababu hatukujifunza kwa kuuliza. Tuliona pasi ikipita juu ya nguo na papo hapo tukalisikia neno. Tendo na sauti viliingia pamoja, vikakaa pamoja, na hatukuwahi kuvitenganisha. Filamu inaweza kutupa jambo hilohilo kwa Kiingereza, nalo ni jambo ambalo orodha ya vitenzi 500 iliyobandikwa ukutani haiwezi kutupa hata tukiikariri mara mia.

Tuchukue mfano wa hang up, yaani kukata simu. Kamusi inakupa maana na basi. Lakini tazama filamu ya zamani, ya wakati simu zilipokuwa zikitundikwa ukutani, na utaona mkono wa mhusika ukikipeleka kipokezi juu na kukitundika kwenye kulabu yake: hang, kisha up. Leo mhusika anagusa kioo tu, hakuna kinachotundikwa, lakini kitenzi kimebaki, kama sisi tunavyokata simu bila kisu. Ndivyo ilivyo pia kwa roll down, ya kushusha kioo cha gari, iliyotokana na mpini uliokuwa ukizungushwa kwa mkono. Aliyeuona mpini huo ukizunguka hata mara moja hahitaji tena kufafanuliwa.

Si kila kitenzi chenye picha iliyo wazi namna hiyo, nami sitaki kuwadanganya. Vijineno vyenyewe, hata hivyo, vina mielekeo. Up mara nyingi huleta hali ya kumaliza kabisa: eat up ni kula chote, use up ni kutumia mpaka kiishe, kwa namna inayofanana kidogo na tofauti tunayoisikia sisi kati ya kutupa na kutupilia mbali. Out mara nyingi hukitoa kitu gizani na kukileta mbele ya macho: find out, figure out, point out, turn out. Mielekeo hii inasaidia kukumbuka. Kubashiria haifai sana, na mwalimu anayeifanya kuwa sheria humwandalia mwanafunzi wake aibu.

Nikija kwenye namna ya kutazama, ushauri wangu utawaudhi wapenzi wa filamu. Filamu ya saa mbili itazameni kwa starehe, lakini msihesabu saa hizo mbili kuwa ni somo. Somo ni dakika mbili. Chagua onyesho moja lenye watu wawili au watatu wanaotaka kitu kutoka kwa mwenzao, kwa kuwa watu wanaotaka kitu hutumia vitenzi. Litazame kwanza bila sauti, na ujisemee kwa Kiswahili nini kinatokea: anamkatalia, anamtuliza, anamfukuza, anarudi nyuma. Kisha fungua sauti bila maandishi ya chini, na usikilize kama unaweza kukamata ni maneno gani yaliyobeba kule kukataa na kule kutuliza. Mara ya tatu ndipo uweke maandishi ya chini ya Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yaacheni kwa siku za mapumziko, kwa sababu jicho husoma “amenikataa”, linaridhika, na sikio linafunga duka. Zaidi ya hapo, maandishi ya chini hufupishwa ili yaenee kwenye skrini na yasomeke kwa haraka, hata yale ya Kiingereza, na mara nyingine kinachofupishwa ni kilekile kijineno tunachokitafuta.

Nimesema sikio, na hapa naomba nikae kidogo, kwa maana naamini wengi wetu tunashindwa masikioni kabla ya kushindwa kichwani. Kitabuni, pick it up ni maneno matatu yenye nafasi kati yake. Mdomoni mwa Mmarekani ni neno moja, “pikirap”, kwa sababu herufi t iliyo kati ya irabu mbili huguswa kwa ncha ya ulimi na kutoka karibu sawa na r yetu. Get out inakuwa “geraut”, na put it on inakuwa “puriron”. Mwanafunzi anaisubiri t, t haiji, na kitenzi kinapita mbele yake kama mgeni asiyetambulika. Mtu akilisimamisha onyesho, akalirudisha nyuma, na kutamka “pikirap” pamoja na mhusika, kwa kasi yake na kwa hasira yake, kuanzia hapo atalisikia kila mahali na kushangaa lilikuwa limejificha wapi.

Sikiliza vilevile mahali sauti inapotua. Katika “She turned me down” mkazo hauko kwenye turned pekee, bali unaanguka kwa nguvu kwenye down. Katika “Look at me” kijineno at kimemezwa, hakisikiki vizuri. Tofauti hii inafundisha sarufi bila ubao. Kijineno kinapobeba mkazo, mara nyingi kiwakilishi hukaa katikati, na ndiyo maana mhusika husema turn it off na kamwe hasemi turn off it. Kijineno kinapomezwa, kiwakilishi hukaa mwisho, kama katika look at it. Wako wabishi, mathalani get over it, ambapo over husikika vizuri na kiwakilishi bado kinabaki nyuma. Mbishi wa namna hiyo hujifunzwa kama alivyo, kwa kumsikia mara nyingi.

Kuhusu uchaguzi wa filamu, sina mengi. Zile za mapigano na kufukuzana hufaa kwa anayeanza, kwa sababu mwili unaonyesha kila kitu: get in, get down, look out, pull over. Zile za familia na mapenzi ndizo zenye vitenzi vya moyo, kama break up, make up, get over, let down na move on, na hapo uso wa mwigizaji ni kamusi yako. Filamu za kale zenye mavazi ya kifalme ziacheni kwanza.

Mtaniuliza basi vitenzi vyenyewe ni vingapi. Vipo maelfu, lakini havigawani kazi kwa haki. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies, walipochunguza mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Uingereza wenye maneno milioni 100, waliona kwamba vitenzi 20 tu, vikiunganishwa na vijineno 8, hutoa zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi ambatani. Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa mwaka 2015 orodha ya vitenzi ambatani 150 vyenye maana 288 zinazotumika zaidi. Hiyo 288 ndiyo namba ya kuzingatia, kwa kuwa kujua take off ya ndege hakukusaidii kuelewa take off ya kuvua koti. Nawatahadharisha pia na hesabu zinazofariji kupita kiasi. Stuart Webb na Michael Rodgers walionyesha mwaka 2009 kwamba anayejua familia za maneno 3,000 (familia moja ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), pamoja na majina ya watu na mahali, anakutana na maneno anayoyajua kwa takriban asilimia 95 katika filamu. Ni kweli, lakini katika hesabu ya maneno moja moja turn inahesabiwa kuwa inajulikana, na down vilevile, ilhali yule kijana kwenye mvua bado hajaeleweka.

Na filamu ina upungufu wake. Carry out na set up ni miongoni mwa vitenzi ambatani vinavyotumika sana katika Kiingereza, ila carry out hukaa zaidi kwenye ripoti na makala za kitaaluma kuliko kwenye midomo ya majambazi, kwa hiyo anayetegemea filamu pekee atachelewa kuipata. Upungufu mkubwa zaidi ni wa adabu. Nilipokuwa mwanafunzi nilitazama vichekesho vingi vya Kimarekani ambamo mtu akipewa habari njema na rafiki yake hupaza sauti na kusema “Shut up!”, ambalo kwa kawaida ni amri ya “Nyamaza!”, ila hapo lina maana ya “Usiniambie!” Nikalipenda neno hilo. Siku moja mhadhiri wetu mmoja, mgeni na mtu mzima, aliingia darasani kwa furaha akatuambia kwamba amepata mjukuu wa kwanza. Nami, niliyekuwa nimekaa safu ya mbele, nikampongeza kwa nguvu zangu zote: “Shut up!” Darasa lilinyamaza. Yeye aliniangalia kwa muda, akafungua daftari lake, akaanza kufundisha, wala habari ya mjukuu hatukuisikia tena muhula mzima. Nilikuwa nimejifunza kitenzi, matamshi na furaha yake, ila nilisahau kutazama ni nani anayemwambia nani. Tangu hapo, katika daftari langu kila kitenzi kinaandikwa pamoja na mambo matatu: aliyesema, aliyeambiwa, na kilichokuwa mikononi mwao.

Sasa naomba taa zipunguzwe. Tutatazama onyesho la dakika mbili. Wahusika ni mama, binti yake, na sanduku la safari lililoko kitandani. Fungueni madaftari yenu na muandike kwa Kiswahili mnachokiona. Sauti tumeizima.