Oili ya Elfu Tatu au ya Elfu Tano?

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana wa bajaji mliosimama kule nyuma, karibuni, viti bado vipo huku mbele.

Naanza na swali ambalo kila aliyepeleka gari gereji hapa Dar es Salaam ameshaulizwa. Fundi yuko chini ya gari, oili ya zamani inachuruzika kwenye beseni, anatoa kichwa: "Bosi, tuweke ya elfu tatu au ya elfu tano?" Anamaanisha kilomita utakazotembea kabla ya kuibadilisha tena. Unapiga hesabu ya mfukoni, unajibu. Swali hilo hata mimi, fundi, nimewauliza watu miaka mingi, na leo nimekuja kuwaomba tuliache. Herufi na namba za viwango vilivyoandikwa kwenye galoni hazitaji kilomita hata moja. Kilomita zinaamuliwa na injini yako, barabara yako na foleni yako. Oili ileile moja inaweza kumfaa dereva wa Mbeya kwa kilomita nyingi, ikamfia mtu wa Mbezi kabla ya nusu ya hizo.

Nilifundishwa hili na gari la mteja wangu mmoja, mama mwalimu, mwenye Toyota IST. Mama yule alikuwa mwaminifu kuliko wateja wangu wote. Kila kilomita 5,000 yuko mlangoni, hata mia mbili hazidishi. Siku moja gari likawasha taa ya injini na likakosa nguvu. Nilipofungua kava la valvu nilikuta tope jeusi, zito kama lami iliyoanza kupoa. Ule mfumo wa VVT-i, unaopanga wakati wa valvu kufunguka na kufunga, unasukumwa na presha ya oili, na oili yake inapita kwenye kichujio kidogo sana chenye matundu membamba. Kilikuwa kimeziba. Nilisimama mbele ya yule mama sina la kusema, maana alikuwa ametimiza kila nililomwambia. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mara mbili.

Kosa la kwanza ni oili yenyewe. Nilikuwa namwekea oili nzito ya 20W-50, galoni lake limeandikwa API SF, na mimi nikiiita "ya elfu tano". Hebu tuziangalie herufi hizo, kwa sababu zinasema mengi kuliko picha ya gari la mashindano iliyobandikwa mbele. API ni taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi cha oili: kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo mpya. SL ilikuja mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. Na SF? Hiyo ni ya mwaka 1980, na API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. IST imeanza kuuzwa mwaka 2002. Nilikuwa naipa injini ile chakula cha babu yake. Kwa dizeli tafuta herufi C, kama CI-4 au CK-4. Nanyi vijana wa pikipiki, tafuteni JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwa sababu klachi yenu imelowa ndani ya oili hiyohiyo, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze.

Kosa la pili ni hesabu, na hapa naomba tukae kidogo.

Kutoka Mbezi Mwisho hadi Posta ni kilomita ishirini na kitu. Asubuhi, kwa gari dogo, unatumia saa moja na nusu, siku nyingine zaidi. Huo ni mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, au chini ya hapo. Sasa gawanya 5,000 kwa 15: injini imenguruma zaidi ya saa 330. Mchukue dereva anayekwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800, tuseme saa 12 barabarani. Yeye akimaliza kilomita 5,000, injini yake imefanya kazi saa 75 hivi. Kilomita ni zilezile, lakini injini ya mwalimu imefanya kazi zaidi ya mara nne. Dashibodi haioni foleni. Gurudumu likisimama, namba inasimama, injini inaendelea kula.

Na saa za foleni zina ubaya wake. Petroli ikiungua inazaa maji, masizi na asidi, na sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni ikaingia kwenye oili. Oili nzuri ina viungo vinavyoubeba uchafu huo ukiwa umeelea, usigande. Ndiyo maana oili kuwa nyeusi peke yake hakukupi sababu ya kuogopa; imebeba masizi, na ya dizeli hubadilika rangi mapema kabisa. Hatari inakuja viungo vikiisha nguvu: uchafu unatua, unakuwa tope. Barabara ndefu inaipasha oili vizuri, unyevu unapata muda wa kukauka na kutoka, na upepo unapoza injini. Kwenye foleni upepo hakuna, kiyoyozi kinavuta, joto limejifungia chini ya boneti. Kundi lingine linaloumia ni la wenye safari fupi mno, anayepeleka mtoto shule kilomita mbili na kuzima. Injini yake haijawahi kupata moto wa kutosha, maji na petroli vinabaki mlemle.

Wajapani waliotengeneza magari haya wanalijua hilo. Toyota kule kwao wanasema gari la petroli lisilo na turbo libadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa matumizi magumu ni kilomita 7,500 au miezi 6. Lenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu ni 2,500 au miezi 3. Hapo ni Japani, na oili ya kiwango walichokitaja wao. Mtu akikuonyesha ile 15,000 kwenye intaneti, muulize kama ameisoma na sentensi inayofuata.

Sasa mimi nahesabu kama watu wa jenereta. Jenereta halina magurudumu, hivyo husevisiwa kwa saa. Mengi ya dizeli ni kila saa 250. Nimechukua saa hizo 250 kama mpaka wangu. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unapata 3,750. Kwa hiyo mtu wa foleni ya kila siku, nikimwekea oili nzuri ya SN au SP, namwita kwenye kilomita 4,000 hivi. Anayechanganya mjini na safari, 5,000 hadi 7,000. Wa barabara ndefu hesabu ingempeleka zaidi ya 16,000, lakini simruhusu kupita 10,000, maana vumbi letu, milima yetu kama Kitonga, na umri wa magari yetu vinadai chao. Na gari likikaa tu uani, miezi 6 ikifika oili itoke. Wapo mafundi watakaonipinga, na wana haki. Ila watakapopinga, wawaulize kwanza mnapita njia gani.

Uzito wa oili nausema kwa kifupi, kwa sababu jibu lake liko kwenye gari lako tayari. Kwenye 5W-30, W ni ya baridi: namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na inayofuata inaonyesha uzito wake ikiwa moto, inapopimwa kwenye nyuzi joto 100. Kitabu cha gari mara nyingi kimekuja kwa Kijapani, lakini namba ni namba, na magari mengi yameandikwa kwenye kifuniko cha kumiminia oili. Ifuate hiyo. Watu wanasema joto la Dar linataka oili nzito. Injini yako ikiwa moto imeshapita joto la Dar mbali sana, na njia za oili ndani yake zimetengenezwa kwa uzito uleule ulioandikwa. Gari lililochoka na linalokula oili naweza kulipandisha kidogo, hadi 10W-40. Ukiwa Njombe asubuhi ya mwezi wa saba, 20W-50 itachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na kila sekunde ya kuchelewa ni chuma juu ya chuma.

Filta sasa. Hapa ndipo tunapodhulumiana zaidi, kwa sababu filta ikishafungwa hakuna anayeona ndani. Nimekata filta nyingi kwa msumeno, na nawashauri mafundi vijana wafanye hivyo. Ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa, kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari likizimwa, na kuna valvu ya dharura. Mpira ukiwa hafifu, kila asubuhi filta ni tupu, na ndiyo ile kelele ya kugongagonga unayoisikia sekunde za kwanza unapowasha. Valvu ya dharura inafunguka filta ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Maana yake, filta uliyoiacha kwa sevisi tatu haizuii tena chochote. Oili inapita pembeni na uchafu wake. Kwa hiyo mtu anayekwambia "oili tubadilishe, filta bado nzima" mkatalie kwa upole. Lita nzima nzima za oili safi unazipitisha kwenye uchafu wa zamani kwa sababu ya bei ya chakula cha mchana.

Wakati wa kufunga, simama uangalie jambo moja: mpira wa duara unaozunguka mdomo wa filta ya zamani umetoka nayo? Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haishikani, na oili yote inaweza kumwagika ukiwa njiani. Mpira mpya upakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono. Na msikubali kabisa injini isafishwe kwa kumiminiwa dizeli au mafuta ya taa. Yanalainisha tope, mabonge yanashuka, yanakwenda kuziba mdomo wa pampu ya oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Filta ya hewa ina vumbi lake la kusimulia. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ukiingia kwenye silinda unasugua kama msasa. Kwa wanaopita barabara za vumbi, ifunguliwe kila sevisi. Ikipulizwa, upepo utoke ndani kwenda nje. Ya karatasi isioshwe kwa petroli, nimeona wakifanya hivyo, inapoteza umbo na kuacha upenyo.

Kuhusu oili bandia: galoni tupu lina soko, na wanaolinunua wanalijaza tena. Ukimaliza sevisi, litoboe kwa bisibisi mbele ya macho yako. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inaeleza kwamba oili ya sevisi moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, na sisi wengi tunakunywa maji ya visima. Najua tunaipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Basi vaeni glavu, na watoto wasiiguse, ina kemikali zinazosababisha saratani.

Yule mama mwalimu bado anaendesha IST yake. Tulisafisha injini kwa mkono, kipande kwa kipande, nikaweka 5W-30 ya SN, na sevisi mbili za kwanza nilimwita kila kilomita 1,500 ili tope lililobaki litoke taratibu. Gharama ya kazi nilibeba mimi.

Naona pale nje kuna magari saba, na yamekaa muda wa kutosha kwa oili kushuka chini. Twendeni tufungue boneti. Kila mtu avute dipstiki yake, kile kijiti cha kupimia oili, aifute, airudishe, aivute tena. Ikiwa katikati ya alama mbili, vizuri. Ikipita alama ya juu, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaipiga oili mpaka inatoa povu, tutaipunguza. Mwenye oili ya rangi ya chai ya maziwa aniite kabla hajawasha gari, kuna maji humo. Beseni na vitambaa ninavyo.