Usikate tawi ulilokalia: konfigi ya mtandao kwenye vifaa vidogo vya Linux

Haya, sauti inafika huko nyuma? Sawa, tuanze basi.

Leo seva tuziache pembeni, nataka tuongelee vile viboksi vidogo ambavyo ndani vina Linux lakini mtu akipita hajui kama ile ni kompyuta, havina skrini wala kibodi, kimoja kinasoma mita, kingine kinapima maji kwenye tangi, kingine kiko juu ya mnara, kimefungwa na skrubu na kuanzia siku hiyo hakuna anayekigusa kwa miaka. Njia yako pekee ya kukifikia ni mtandao. Na leo unataka kubadilisha nini? Mtandao huohuo. Yaani uko juu ya mti, shoka mkononi, na tawi unalotaka kulikata ndio umelikalia.

Mimi nimeshalikata. Niliingia kwenye kifaa kwa ssh, ile njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, kifaa kiko kwenye mtandao wa 192.168.10.0/24, natakiwa nibadilishe getiwei, yaani anwani ya ruta inayotoa data nje, vidole vikaandika 192.168.1.1 badala ya 192.168.10.1, nikawasha upya huduma ya mtandao na terminali ikaganda palepale. Mwanzoni unadhani ni intaneti yako, unasubiri, unabonyeza enta tena, kimya. Kerneli, kiini cha Linux, ilikataa ile njia kwa sababu getiwei niliyoandika haipo kwenye mtandao wa kifaa, kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima kabisa, kinapima, kinaandika data yake, ila hakina pa kutokea. Mtu alisafiri kutwa nzima na laptopu na kebo ya siriali ili aende kuongeza sifuri moja.

Kwa hiyo jambo langu la leo ni hili, badiliko lolote la mtandao kwenye kifaa ambacho hukifikii kwa mkono lazima liweze kujirudisha lenyewe. Sio wewe ulirudishe, lenyewe, kwa sababu wewe wakati huo uko nje na mlango umeshajifunga.

Inafanyikaje? Inategemea ni programu gani inayosimamia mtandao kwenye kifaa. Wenye netplan wameshawekewa, kuna amri ya netplan try, inaweka konfigi mpya, yaani mipangilio mipya, halafu inakusubiri sekunde 120, usipothibitisha inarudisha ya zamani. NetworkManager nayo ina kitu kinaitwa checkpoint kwenye D-Bus, ile njia ya programu kuongea zenyewe kwa zenyewe, programu yako inapiga picha ya hali ilivyo, inaweka muda, muda ukiisha bila kufuta ile checkpoint mambo yanarudi yalivyokuwa. Ukiwa na systemd-networkd hakuna kitu cha namna hiyo tayari, unajitengenezea, na mimi ndio njia ninayoipenda zaidi kwa hiyo niwaonyeshe kwa karibu kidogo.

networkd inasoma mafaili ya .network kutoka /etc/systemd/network, /run/systemd/network na /usr/lib/systemd/network, inayachanganya yote na kuyapanga kwa jina bila kujali yametoka folda gani, halafu kila interfesi, yaani mlango wa mtandao kama eth0, inachukua faili la kwanza linaloilingana. La kwanza tu, hayajumlishwi. Sasa kama konfigi ya kudumu inaitwa 20-eth0.network, mimi ile mpya naiandika /run/systemd/network/05-jaribio.network, kwa kuwa 05 inatangulia 20 basi ndiyo itakayoshika. Na /run iko kwenye RAM! Kifaa kikizima na kuwaka, jaribio limefutika, kinaamka na konfigi yake ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla sijaipakia natega saa:

systemd-run --unit=rudisha --on-active=180 /usr/local/sbin/rudisha-mtandao

Hiyo skripti inafanya mambo mawili tu, inafuta faili la jaribio na kuita networkctl reload. Ndio sasa na mimi naita networkctl reload. Nikishindwa kuingia, dakika tatu zikipita kifaa kinarudi chenyewe. Nikiweza kuingia nasimamisha rudisha.timer, halafu ndio nahamishia konfigi kwenye sehemu ya kudumu.

Na kuingia nikimaanisha kuingia upya, kwa terminali nyingine. Ile ssh uliyoacha wazi isikudanganye, inaweza kuendelea kuishi kwenye njia ya zamani huku mlango mpya umefungwa. Na kama ni programu ndiyo inayothibitisha na sio mtu, basi isithibitishe kwa kupiga ping getiwei. Getiwei kujibu haimaanishi chochote, unachotaka kujua ni kama kifaa kinaweza kuongea na seva yake na seva ikakijibu. Hapo watu wengi wanateleza, wanapima hatua ya kwanza ya safari wanasema tumefika.

Sasa tuje kwenye swali la nani mwenye konfigi. Niliwahi kupewa kifaa chenye ugonjwa wa ajabu, eth0 ina anwani mbili, na DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani za IP, inafanya kazi asubuhi mchana imegoma. Kufungua ndani nakuta dhcpcd, programu ya kuomba anwani kwa ruta (DHCP), inaendesha, NetworkManager nayo inaendesha, na kuna skripti kwenye rc.local, faili linaloendeshwa kifaa kikiwaka, inaita udhcpc ambayo kazi yake ni ileile ya dhcpcd, watu watatu tofauti kwa nyakati tatu tofauti kila mmoja alitatua tatizo lake na akaondoka. Wote watatu wanaandikia /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za DNS, wa mwisho kuandika ndiye mshindi wa dakika hiyo. Kwa hiyo nikipewa kifaa nisichokijua kitu cha kwanza kabisa ni ls -l /etc/resolv.conf, kama ni kiungo kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf najua systemd-resolved ndiyo mwenyeji na nitegemee kuona 127.0.0.53, kama ni faili la kawaida nasoma mistari ya juu, mara nyingi programu iliyoliandika inajitaja pale.

Hata kuhama tu kunaleta hili. Raspberry Pi OS mwaka 2023 ilipofika kwenye toleo la Bookworm ilihama kutoka dhcpcd kwenda NetworkManager, na maelekezo ya zamani yote yanasema hariri /etc/dhcpcd.conf, mtu anahariri, anawasha upya, hakuna kinachobadilika, anahariri tena. Faili lile halina tena wa kulisoma.

Mkiniuliza uchague ipi, kwa kweli sina ugomvi. Kifaa cha kebo moja kisichohama, networkd inatosha na ni nyepesi. Kama kuna waifai ambayo mteja mwenyewe atachagua, au modemu ya 4G, chukua NetworkManager pamoja na ModemManager, usijitese. ConnMan ilianzia Intel na ilitengenezwa kwa vifaa vidogo hasa. OpenWrt, Linux ya ruta, ina mfumo wake wa UCI na netifd, usiizunguke, fuata ya kwake. Na kifaa chenye flashi ya megabaiti chache, BusyBox, kile kifurushi kidogo cha amri za Linux, na udhcpc yake na faili la /etc/network/interfaces bado ni kazi nzuri. Chagua moja, zingine zitoe kabisa kwenye imeji, ile nakala ya mfumo unayoiweka kwenye vifaa. Sio kuzima, kutoa.

Halafu konfigi yenyewe inakaa wapi. Mimi natenganisha ya kiwandani na ya mteja. Ya kiwandani iko kwenye /usr/lib, ndani ya mfumo usioandikika, hakuna wa kuiharibu. Ya mteja iko kwenye patisheni ya data. Ukizichanganya zote kwenye /etc utalia siku ya apdeti, maana vifaa vingi siku hizi vina patisheni mbili za mfumo, A na B, apdeti inaandika nzima upya kwenye ile isiyotumika halafu inahamia huko, na kama IP ya mteja ilikuwa ndani ya A, basi kifaa kinaamka kwenye B hakijui kinaitwa nani. Apdeti imefaulu, kifaa kimepotea.

Na unapoandika hilo faili la mteja, jamani, umeme. Hivi vifaa havizimwi kwa adabu, vinachomolewa. Ukifungua faili ukaanza kuandika juu ya lile la zamani na umeme ukakatika katikati, unaamka na faili la baiti sifuri. Andika faili jipya pembeni kwenye patisheni hiyohiyo, fsync ili liandikwe kweli kwenye flashi, halafu rename juu ya la zamani, halafu fsync folda. Ama utapata la zamani zima ama jipya zima. Ni mistari michache ya kodi na sijui kwa nini bado tunakutana na mafaili matupu.

Kwa wa NetworkManager kuna mtego mdogo, yale mafaili ya .nmconnection lazima yawe ya root na ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeyasoma na kuyaandika, yakiwa wazi zaidi ya hapo inayakataa. Sasa git, inayotunza matoleo ya kodi, haitunzi ruhusa za namna hiyo, inakumbuka tu kama faili ni la kuendeshwa au la, kwa hiyo faili linatoka kwenye git likiwa 644, linaingia kwenye imeji hivyohivyo, na waifai haiunganishi. Weka chmod kwenye hatua ya kujenga imeji.

Kuna jambo lingine nataka nikae nalo kidogo kwa sababu lilinisumbua wiki nzima. Vifaa viwili mezani, MAC, ile namba ya kadi ya mtandao, tofauti kabisa, nimehakikisha kwa macho yangu, lakini ruta inavipa anwani moja ya IP. Ukiwasha kimoja kiko sawa, ukiwasha vyote vinapokonyana. Nikashuku ruta, nikabadilisha ruta, vilevile. Kumbe networkd inapoomba anwani kwa DHCP haijitambulishi kwa MAC, kwa kawaida inatuma kitambulisho kinachotokana na /etc/machine-id, na mimi imeji nilikuwa nimeinakili kutoka kifaa ambacho kilishawaka mara moja, kwa hiyo machine-id imo ndani na vifaa vyote vimezaliwa na kitambulisho kimoja. Dawa, imeji itoke na /etc/machine-id tupu ijijaze kifaa kinapowaka mara ya kwanza, na kama ruta za wateja zinategemea MAC basi weka ClientIdentifier=mac.

Kinyume chake pia kipo, bodi isiyo na MAC iliyohifadhiwa popote, kila ikiwaka inajitungia mpya, na ruta inaiona kama mgeni mpya kila siku mpaka anwani za kugawa zinaisha.

Saa niiguse tu, kifaa kisicho na betri ya saa kinaweza kuamka kikidhani ni mwaka 1970, vyeti vya TLS, vile vya usalama wa mawasiliano, vyote vinaonekana havijaanza kutumika, hakiunganishi, na wewe unatafuta kosa kwenye mtandao. Angalia date kwanza.

Mlango wa dharura uwepo. Batani ya kushikilia sekunde 10 irudishe konfigi ya kiwandani, hiyo ni lazima. Lakini kuna mlango ambao wengi wanao na hawajui, IPv6. Hata kama anwani ya IPv4 umeiharibu kabisa, interfesi ikiwa juu na hujaizima IPv6, kwa kawaida ina anwani yake ya fe80, inayofanya kazi kwenye mtandao wa hapohapo tu. Ukiwa na kifaa kingine kwenye swichi hiyohiyo, ingia kwenye hicho halafu:

ping ff02::1%eth0

Majirani wanajibu, unaona orodha ya fe80, unaijua MAC ya kile kilichopotea unakitambua, unaingia kwa ssh kwa hiyo anwani ukimalizia na %eth0. Nimeokoa vifaa kwa njia hii bila mtu kupanda ngazi. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema tuzime IPv6 hatuitumii, mwambieni asubiri kwanza.

Naona mkono pale. Swali ni, kifaa kina kebo na kina 4G, kebo imechomekwa vizuri lakini intaneti ya upande huo imekufa, kwa nini hakihamii 4G? Swali zuri sana. Ni kwa sababu kwa kerneli kebo iko hai, taa inawaka, swichi iko upande wa pili, na njia ya kebo ina metriki ndogo kwa hiyo inapewa kipaumbele, kwenye NetworkManager kebo inaanzia 100 na waifai 600. Kerneli haijui kwamba mbele ya swichi hakuna kitu. Washa kile kipimo cha muunganisho cha NetworkManager, kikigundua njia haifiki nje kinaiongezea metriki 20000, basi kebo inashuka na 4G inashika. Ila anwani ya kupimia iwe ya seva yako mwenyewe. Na mkijaribu mezani msichomoe kebo ya kifaa, hiyo hata kerneli inaiona, chomoeni ile ya upande wa pili wa swichi, halafu muhesabu ni sekunde ngapi zinapita mpaka data ianze kufika tena.