Chuchu za Mwanamume: Mbona Hazikuondolewa?

BAHATI: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Bukavu na wa kwingineko. Mimi ni Bahati, na niko pamoja na Mama Furaha, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Msikilizaji mmoja wa Kadutu anatuuliza: ikiwa mwanamume hanyonyeshi, chuchu zake ni za nini?

FURAHA: Asante, Papa Bahati. Ningependa kwanza tuligeuze swali hilo, kwa sababu anayeuliza "ni za nini" amekwisha kukubali kwamba kila kiungo kilitengenezwa kwa kazi fulani. Mimi ningeuliza hivi: huanza lini, na mbona hakuna kilichoziondoa?

BAHATI: Basi, huanza lini?

FURAHA: Huanza kabla mwili wa mtoto haujachukua umbo la kiume au la kike. Ni kweli kwamba kromosomu huwa zimekwisha kupangwa tangu mimba kutungwa, XX kwa msichana na XY kwa mvulana, lakini katika majuma ya kwanza viinitete vyote hujengwa kwa namna moja, hata jicho haliwezi kuvitofautisha. Karibu na juma la tano au la sita, ngozi huota mistari miwili iliyonenepa, mmoja kila upande, kutoka kwapani hadi kwenye kinena. Hiyo ndiyo mistari ya maziwa. Kwa binadamu, sehemu yake kubwa hufifia, na kila upande wa kifua hubaki kijivimbe kimoja ambacho ndicho mwanzo wa titi.

BAHATI: Ndiyo maana watu wengine huzaliwa na chuchu ya tatu?

FURAHA: Ndiyo, na kwa kawaida hutokea kwenye mstari huohuo. Sasa, kwenye kromosomu ya Y kuna jeni iitwayo SRY, ambayo watafiti wa London waliitambua mwaka wa 1990. Jeni hiyo huelekeza tezi za uzazi ziwe korodani, na korodani huanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume, karibu na juma la nane, wakati vijivimbe vya matiti vimekwisha kuwapo.

BAHATI: Kwa hiyo testosteroni ni kama fundi wa rangi anayeitwa wakati milango ya nyumba imekwisha kukatwa.

FURAHA: Mfano ni mzuri, ila usitulie hapo, kwani maelezo mengi hukomea hapo na kuacha nusu ya jibu. Fundi huyo angeweza pia kuuziba mlango, na kwa wanyama wengine huuziba kweli. Kwa panya dume, homoni za kiume huua kijivimbe cha titi angali tumboni mwa mama yake, naye huzaliwa bila chuchu. Farasi dume pia kwa kawaida hana. Lakini beberu anazo, na hata simbilisi dume, ambao familia nyingi za Kivu huwafuga, anazo.

BAHATI: Kumbe kuziondoa kunawezekana. Mbona basi kwetu hazikuondolewa?

FURAHA: Kwa sababu hazimgharimu mwanamume karibu chochote. Jeni zinazojenga chuchu ziko kwa baba na kwa mama vilevile, na kwa mwanamke uhai wa mtoto ulizitegemea kwa mamilioni ya miaka. Mabadiliko ya kuzifuta kwa mvulana tu yangehitaji kuleta faida fulani ili yaenee, na faida hiyo haionekani.

BAHATI: Wapo waliodhani kwamba zamani wanaume walinyonyesha.

FURAHA: Charles Darwin mwenyewe aliliwaza jambo hilo katika kitabu chake cha 1871, kwamba huenda madume ya mababu wa kale wa wanyama wanyonyeshao yalisaidia kulea. Ushahidi haukumuunga mkono. Mwaka wa 1994, hata hivyo, watafiti waliripoti popo wa matunda madume wa Malaysia waliokuwa na maziwa kidogo. Mashine ipo, inakosa homoni tu.

BAHATI: Na kwa Waaka wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville, baba humpa mtoto anayelia chuchu yake ili atulie. Hapo kazi imepatikana bila maziwa!

FURAHA: Kazi hiyo ilikuja baadaye, Papa Bahati. Haikuwa sababu ya kuwapo kwake. Niseme pia kuhusu watoto wachanga: wa kiume kwa wa kike wanaweza kuvimba matiti na hata kutoa matone ya maziwa, kutokana na homoni za mama. Huisha yenyewe. Msiyakamue, maana kukamua huleta usaha.

BAHATI: Na mvulana wa miaka 14 ambaye kifua kimeanza kuvimba?

FURAHA: Huwapata wavulana wengi wakati wa kubalehe, homoni zinapoyumba, na mara nyingi huisha ndani ya miaka miwili hivi. Asichekwe darasani. Kwa mzee ni jambo jingine. Takribani saratani 1 katika kila 100 za titi humpata mwanamume, na wengi huchelewa kwa kudhani ni ugonjwa wa wake zao. Uvimbe mgumu chini ya chuchu, chuchu inayoingia ndani au inayotoa damu: aende kwa daktari juma hilohilo.

BAHATI: Hata kama hauumi?

FURAHA: Hasa kama hauumi.