Mlango una sheria, flopi je?

MWANAIDI: Hodi hodi huko mliko! Leo tumehamia barazani, Mji Mkongwe, Bagamoyo, kwa hiyo bodaboda ikipita katikati ya maneno mtuvumilie. Kaka Bakari, hiyo bahasha umeikumbatia tangu umefika. Ina nini?

BAKARI: Flopi, dada, zile diski za kuhifadhia kazi za kompyuta za zamani. Kumi na moja, za inchi 3.5. Tazama hii, hiki kibati kinachoteleza kimeshika kutu. Na hapa mtu kaandika kwa kalamu ya wino: "Mishahara 1996".

MWANAIDI: Umezitoa wapi?

BAKARI: Ofisi moja, siitaji. Walikuwa wanasafisha stoo. Kompyuta zenyewe zilishaondoka na mkokoteni wa chuma chakavu. Zilipimwa kwa kilo.

MWANAIDI: Kwa kilo, kama dagaa!

BAKARI: Cheka, lakini geuka uutazame huo mlango ulioegemea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja kabisa: mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa. Huwezi kuupakia melini ukaenda zako bila kibali. Sasa serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hiyo nayo si historia? Lakini mashine za enzi hizo nani anazilinda?

MWANAIDI: Hapo nakupinga kidogo. Ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002. Kwayo kumbukumbu ni taarifa, iwe kwenye karatasi au kwenye kitu kingine chochote. Hiyo mishahara yako imo.

BAKARI: Taarifa imo, sawa. Mashine ya kuisomea je?

MWANAIDI: Eeh, hapo umenibana.

BAKARI: Waulize Waingereza. Mwaka 1086 mfalme wao aliandikisha ardhi na mifugo ya nchi nzima kwenye ngozi. Kitabu kipo, kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC ikatengeneza kingine cha kidijitali. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao wanafunzi. Kikawekwa kwenye diski kubwa kama sahani ya pilau.

MWANAIDI: Na ngozi ikashinda.

BAKARI: Haikufika miaka 20, mashine za kuzisoma zile diski zikawa za kutafuta kwa tochi! Ilibidi wataalamu waandike programu ya kuiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Na hao ni watu wenye hela.

MWANAIDI: Sisi hapa nyaraka za Wajerumani bado tunazisoma, na UNESCO ilishaziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, 1997. Karatasi ya mkoloni inasomeka, flopi yetu ya 1996 haisomeki. Mimi hilo linaniuma, kaka.

BAKARI: Ndiyo maana sitaki makumbusho mapya ya vioo na utepe wa kukata. Nataka chumba kimoja tu cha serikali. Kiwe na mashine kuukuu zinazowaka, vipuri, na fundi anayelipwa. Ofisi ikikuta flopi au kanda, ipeleke huko, zinakiliwe kabla stoo haijafagiliwa.

MWANAIDI: Na kiwe hapa Bagamoyo, bila shaka.

BAKARI: Hapa? Na chumvi hii? Bati la jikoni kwako lina umri gani?

MWANAIDI: Miaka minne. Limeshatoboka.

BAKARI: Basi. Idara ya Nyaraka ina kituo Dodoma, kule kukavu. Waanzie hapo.

MWANAIDI: Haya, Dodoma, japo roho yangu haitaki. Na hizi zako kumi na moja?

BAKARI: Nimempata fundi Kariakoo, ana kisomea flopi cha kuchomeka kwa USB. Kasema nisitie tamaa, ukungu ukishaingia kwenye ile sahani nyembamba ya ndani, basi tena. Jumamosi nakwenda.

MWANAIDI: Utatuletea majibu. Lakini kaka...

BAKARI: Naam?

MWANAIDI: Hiyo ya mishahara umeilaza juu ya spika.

BAKARI: Mama yangu, sumaku ya spika! Itafuta kila kitu!