Usikimbilie Jeti Kubwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Pikipiki niliyoahidi ndiyo hiyo mlangoni, Honda CB750 ya mwaka 1972. Waliokwisha kuizunguka wameona kwamba zile ekzosi nne za kiwandani zimetolewa, ikafungwa moja inayokusanya moshi wa silinda zote. Boksi la chujio la hewa nalo limeondoka, kila kabureta, kile chombo kinachochanganya hewa na petroli, imevaa kichujio chake kidogo. Inapendeza, sikatai. Lakini kiwandani zile kabureta za Keihin zilipimiwa hewa iliyokuwa ikipita kwa kubanwa ndani ya boksi. Ukiifungulia hewa njia, mvuto unaonyanyua petroli hupungua, na injini inakosa mafuta.

Yangu ilianza hivi: nikivuta mafuta hadi nusu, inakohoa na kupumulia kwenye kabureta. Kila fundi niliyemwuliza alinijibu neno moja: weka jeti kubwa, yenye tundu pana zaidi.

Jeti yenyewe, kijipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, hii hapa, ipokezaneni. Imeandikwa 105. Kwa Keihin hizi maana yake tundu lina kipenyo cha milimita 1.05. Niliitoa nikaweka 120. Mtu atasema, ah, si 15 tu? Pigeni hesabu ya eneo la tundu: 1.20 gawanya kwa 1.05, jibu lizidishe kwa lenyewe. Mnapata karibu 1.31. Nilikuwa nimepanua njia ya petroli kwa karibu theluthi! Mafuta yakivutwa yote pikipiki ikawa nzito, moshi mweusi, plagi zote masizi. Na pale nusu? Ilikohoa vilevile.

Kabureta si bomba moja, ndugu zangu. Ukivuta mafuta kidogo, hadi robo, wenye kazi ni jeti ndogo, skrubu ya hewa na ule mkato wa chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta. Robo hadi robo tatu ni sindano, inayopanda pamoja na slaidi na kuiachia petroli njia. Jeti kubwa, ndiyo ile niliyobadilisha, inashika kazi kuanzia robo tatu kwenda juu. Ugonjwa wangu ulikuwa wa sindano, nami nilikuwa natibu pengine kabisa. Na sababu naijua: jeti kubwa inafikika. Unafungua bakuli la floti chini ya kabureta, unabadilisha jeti, umemaliza. Sindano ya pikipiki hii siifikii mpaka nishushe kabureta zote nne, kazi ya nusu siku. Injini ngapi nzuri zimeharibiwa kwa kukwepa hiyo nusu siku? Inaniuma sana.

Nikazishusha. Kile kibanio cha sindano nikakiteremsha mfuo mmoja, sindano ikapanda, petroli ikapata nafasi. Jeti kubwa nikairudisha hadi 110. Kikohozi kikaisha siku hiyohiyo.

Ila plagi ya silinda ya 3 iliendelea kuwa nyeusi peke yake. Nikaimulika jeti yake kwa tochi, nikaona mikwaruzo ndani ya tundu: kuna aliyewahi kuizibua kwa waya. Tundu la 1.10 likikwanguliwa likafika 1.15, eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 9, na namba iliyoandikwa ni ileile. Zibua kwa dawa ya kusafishia na upepo wa kompresa. Waya hapana.

Jambo jingine ni mwinuko. Hapa Arusha tuko mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi. Ukiipima hapa ikakaa sawasawa, kisha ukateremka nayo Tanga, hewa ya pwani ni nzito zaidi na petroli haitaifikia. Injini inayokosa petroli kwa mwendo mrefu hupata joto kali, vali huungua, hata pistoni hutoboka. Anayesafiri kwenda pwani abebe jeti zenye namba ya juu kidogo.

Sasa tutoke. Nimebandika utepe kwenye mkono wa mafuta wenye alama za robo, nusu na robo tatu. Kijana mmoja ataipandisha kile kilima kwa gia ya tatu, mafuta yote, kisha akate swichi na kubana klachi kwa pamoja, aiache iserereke hadi isimame. Asiirudishe huku ikinguruma, rangi ya plagi itadanganya. Plagi tutazifungua palepale barabarani, na mtazame chini kabisa kwenye mzizi wa ule udongo mweupe unaozunguka ncha ya plagi. Tunatafuta kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe kabisa, injini inakosa petroli, hakuna atakayeipanda tena leo.