John Gladstone na soko la kura

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na nyote mliovumilia foleni za Dar es Salaam kufika hapa jioni hii,

John Gladstone alizaliwa Leith, Uskoti, mwaka 1764, akahamia Liverpool, akatajirika kwa biashara ya nafaka na kwa mashamba ya Demerara, katika Guyana ya leo, yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1818 aliingia Bunge la Uingereza kupitia Lancaster, mji wenye wapiga kura wengi na kwa hiyo wenye gharama kubwa. Mwaka 1820 akahamia Woodstock, ambako wapiga kura walikuwa wachache na mwenye kauli alikuwa kabaila mmoja, Duke wa Marlborough. Mwaka 1826 alichaguliwa Berwick. Mwaka uliofuata ushindi wake ukapingwa, akavuliwa kiti.

Soko hilo la kura, ambamo mgombea alilipia kura za watu, hakulianzisha yeye. Mpiga kura wa enzi hiyo alipanda jukwaani akamtaja mgombea wake kwa sauti mbele ya umati, karani akaandika, na mara nyingi daftari lilichapishwa na kuuzwa. Kwa mfanyabiashara, hiyo ilikuwa stakabadhi halali kabisa ya kura aliyoilipia. Sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872 ilimnyang'anya stakabadhi hiyo, na ile ya 1883 ikamwekea kikomo cha matumizi.

Kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mpaka miiko hiyo ilipolegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 2000 sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na pilau ikapata kinga ya kisheria hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, kwa kuwa ilimbagua mgombea asiye na fedha.

Kura ya siri tunayo, lakini Woodstock yetu ilikuwa katika kura za maoni za vyama, zile za kumpata mgombea wa chama. Mwaka 2020 wajumbe walikuwa wachache, majina na namba zao za simu zikijulikana, na pale ambapo chama kilikuwa na uhakika wa jimbo, aliyewapata wajumbe alikaribia kupata ubunge. CCM iliwapa wanachama wote kura hiyo mwaka 2010, kisha mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe. Bahasha za fedha hazikukoma hata mwaka 2010, nalikubali hilo. Hata hivyo, kugawa bahasha kwa maelfu ya wanachama ni hesabu ambayo mfanyabiashara makini huirudia mara mbili kabla ya kuchukua fomu.