Orodha ya Wasomaji Wako Iko kwa Nani?

Asanteni kwa kunikaribisha tena. Nitaanza na swali ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu mpaka mmelichoka: akaunti yako ya mtandao wa kijamii ikifungwa usiku wa leo, kesho asubuhi utawajulishaje wasomaji wako ulipo? Sitaki jibu la jumla. Utamwandikia nani kwanza, na anwani yake umeihifadhi wapi?

Kila nikiuliza hivi najibiwa kwa idadi ya wafuasi. "Nina wafuasi elfu arobaini." Hao si wako, ni wa kampuni. Kampuni inakuruhusu useme na baadhi yao, siku inayoona inafaa, na anayeamua nani akuone ni algorithimu, yaani hesabu ya kompyuta inayopanga nani aonyeshwe nini, ambayo hujawahi kuiona wala kuulizwa maoni juu yake. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona watu wenye vipaji wakiacha kuandika, wakiamini wasomaji wamewachoka, kumbe wasomaji hawakuonyeshwa kitu.

Chukueni yaliyotokea Januari 2018. Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itawaonyesha watu zaidi habari za jamaa na marafiki, na itapunguza zile za biashara na vyombo vya habari. Ukilisoma tangazo lile huoni ubaya. Nani atakataa kuona picha za ndugu zake? Lakini kulikuwa na tovuti ya Marekani iliyoitwa LittleThings, iliyoanza 2014, ikichapisha habari za kutia moyo na ikitegemea sana wasomaji waliotoka Facebook. Kiongozi wake alisema mabadiliko yale yaliwaondolea kama asilimia 75 ya watu waliokuwa wakiwafikia bila kulipia. Februari haijaisha, tovuti imefungwa, na wafanyakazi wapatao 100 hawana kazi. Makala zao za Februari hazikuwa mbovu kuliko za Desemba. Kilichobadilika ni hesabu, na hesabu ile ilifanyiwa mahali ambapo wao hawakuwa na kauli.

Wala msidhani kampuni hizi zina chuki na waandishi. Zinauza matangazo, na kila dakika mtu anayobaki ndani ni nafasi ya tangazo jingine. Linki ya makala yako inamtoa nje. Aprili 2023, kwa siku kadhaa, machapisho ya Twitter yenye linki za Substack, jukwaa ambako waandishi huchapisha makala na kuwatumia wasomaji kwa barua pepe, hayakuweza kupewa laiki wala kusambazwa upya. Mwandishi aliyekuwa ameposti linki ya makala yake asubuhi ile alikuwa anabonyeza na kubonyeza, akidhani simu yake ina tatizo.

Najua mtu ameshaandaa jibu: "Lakini mimi nimejulikana kupitia huko huko." Kweli, na sikuambii utoke. Endelea kuposti. Ninachokataa ni kuposti halafu ukaishia hapo. Kila aliyekukuta huko mwombe jambo moja tu, akupe anwani yake ya barua pepe, ili safari ijayo umfikie bila kuomba ruhusa ya mtu wa tatu. Barua pepe haina kampuni moja inayoimiliki. Tangu mtaalamu wa kompyuta Ray Tomlinson atume ile ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, watoa huduma wamekuja na kuondoka, na bado ukiwa na anwani ya mtu unaweza kumwandikia kupitia yeyote umpendaye.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda, na mnivumilie, maana nitakaa hapo.

Patreon ilianzishwa 2013 na Jack Conte pamoja na Sam Yam. Conte alikuwa mwanamuziki, video zake zilikuwa na watazamaji wengi na matangazo ya YouTube yakimlipa kidogo mno. Wazo lao lilikuwa rahisi: mpenzi wa kazi amchangie mtunzi moja kwa moja, kila mwezi au kwa kila kazi. Hii ni kampuni iliyojengwa na mtunzi kwa ajili ya watunzi. Desemba 2017 ikatangaza utaratibu mpya wa ada. Kwa kila mchango, mchangiaji mwenyewe angeongezewa asilimia 2.9 pamoja na senti 35.

Tupige hesabu pamoja. Anayempa mwandishi mmoja dola 1 angekatwa dola 1 na senti 38. Anayewasaidia waandishi kumi, dola moja moja, zamani alitoa dola 10. Sasa angetoa 13 na senti 80. Na tajiri anayetoa dola 100 kwa mtu mmoja? Angeongezewa dola 3 na senti 25, basi. Mzigo wote ulimwangukia mtoaji mdogo, yule wa dola moja moja, ambaye kwa waandishi wengi ndiye jamii yenyewe.

Watu wakaanza kufuta michango kabla hata ada mpya haijaanza. Waandishi, wachoraji na wanamuziki wakalalamika hadharani, wakionyesha wachangiaji wao wanavyopungua siku hadi siku. Haikuchukua zaidi ya wiki moja hivi, kampuni ikaufuta mpango na Conte akaomba radhi.

Nakirudia kisa hiki kila mahali kwa sababu kinajibu pande mbili. Wanaosema "nitahamia kwenye jukwaa zuri la michango, nimepona" waone: hata aliye upande wako anaweza kuamka na ada mpya. Na wanaosema "mtu mdogo hana la kufanya" nao waone. LittleThings ilipopoteza wasomaji, wasomaji wale hawakujua hata kama kuna kitu kimeondolewa mbele ya macho yao. Utamteteaje mtu usiyejua kuwa amenyamazishwa? Kwenye kisa cha Patreon mchangiaji alijua anampa nani, na mwandishi alijua jina la anayeondoka na sababu yake. Walikuwa wanafahamiana. Kampuni ilirudi nyuma kwa sababu ya ufahamiano huo.

Kuna mzee mmoja kila mara hunisimamisha hapa: "Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Umetutoa kwa kampuni unatupeleka kwa wasomaji, si kutegemea kule kule?" Hapana, mzee wangu. Ndugu mmoja akikunja mkono umekwisha. Wasomaji mia mbili hawakunji mkono siku moja. Mmoja amefiwa, mwingine amepoteza kazi, wa tatu amekukasirikia kwa makala ya juzi. Wakiondoka hao watatu, mwezi unaofuata bado unaandika. Isitoshe, msomaji anayelipa hapewi sadaka wala hatoi sadaka. Analipia kazi ambayo angeikosa.

Mwaka 2008 Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani, alitoa hoja inayotajwa mpaka leo: mtunzi akipata mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akimletea dola 100 za faida kwa mwaka, ana dola 100,000 na anaishi kwa kazi yake. Hoja ni nzuri, lakini imewatisha wengi. Wanaiona ile 1,000 wanakata tamaa kabla ya kuanza. Idadi yako unaipata kwa gharama zako. Huenda watu 80 wanalipia siku mbili za wiki ambazo hutafanya kazi nyingine ila kuandika. Siku mbili za kuandika bila hofu ni kitu kikubwa, msikidharau.

Na ombeni vizuri! Hapa ndipo wengi wetu tunajiangusha. Chini ya makala mtu anaandika: "Kama unapenda kazi zangu, tafadhali nisaidie chochote." Chochote ni nini? Cha nini? Msomaji anapita. Linganisha na hili: "Makala haya yamenichukua wiki tatu za kusoma nyaraka za mahakama. Wasomaji 60 wanaochangia kila mwezi ndio waliolipia wiki hizo. Tukifika 80, mfululizo huu utatoka kila mwezi badala ya kila baada ya miezi miwili." Msomaji sasa ameona kazi, ameona wenzake waliotangulia, na amejua akiingia kitaongezeka nini. Hakuna kujinyenyekeza humo.

Wala si lazima ufungie makala nyuma ya malipo. Gazeti la Guardian la Uingereza liliacha makala zake wazi, likaanza 2016 kuomba msaada wa wasomaji chini ya makala hizo hizo, na Novemba 2018 likatangaza kuwa zaidi ya watu milioni 1 wameshaliunga mkono. Lile ni gazeti kubwa, sawa, lakini lugha ya ombi lake inaweza kutumiwa na mtu mmoja.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo haya yaliyobaki nayataja mbio. Barua pepe nayo ina vichujio. Tangu 2013 Gmail hutenga barua za matangazo kwenye sehemu yake. Dawa mojawapo: katika barua ya kwanza kwa msomaji mpya, uliza swali linalojibika kwa sentensi moja. Anayekujibu anaifundisha Gmail kwamba mnafahamiana, na wewe umepata mtu wa kuzungumza naye. Mjibu kwa jina lake. Usimwingize mtu kwenye orodha bila ridhaa yake, na anayetaka kutoka atoke kwa kubofya mara moja, bila kuulizwa maswali. Faili la orodha lipakue kila mwezi, lihifadhi kwenye kifaa chako: anwani, tarehe aliyojiunga, alikotokea. Jukwaa lisilokuruhusu kupakua orodha hiyo, usiingie hata kama halitozi chochote.

Kuhusu waandishi wachache kuunganisha nguvu na kuwa na mhariri mmoja, nilikuwa na mengi, tutayaacha. Kuhusu bei ya mwezi, mimi nasema iwe ndogo kiasi kwamba mtoaji mdogo akae miaka, na najua humu ndani wapo wasiokubaliana nami. Hao ndio waanze kuuliza.